NANI ATAJIBU BOMBA LIKIKAUKA?
Haki katika kuchagua njia ya kutekeleza miradi ya maji



Katika vijiji na mitaa yetu tumezoea kuushangilia mradi wa maji kwa siku mbili: siku jiwe la msingi linapowekwa, na siku koki ya kwanza inapofunguliwa. Siku hizo mbili huja na ngoma, hotuba na wageni wa heshima. Iko siku nyingine isiyo na ngoma wala hotuba, nayo ina uzito kuliko hizo mbili. Ni siku ambayo watu wachache huketi mezani na kuamua mradi utatekelezwa kwa njia ipi: nani atausanifu, nani ataujenga, nani atamsimamia mjenzi, nani atabeba hasara iwapo kisima kitatoka kikavu, na nani atauendesha mradi baada ya mkandarasi kufunga vifaa vyake na kuondoka.

Uamuzi huo huonekana kuwa wa wahandisi na wanasheria peke yao. Sisi tunasema ni uamuzi wa haki, na kwamba Mkristo mwenye dhamana yoyote katika kijiji au mtaa wake hana ruhusa ya kuupisha kimya. Njia iliyochaguliwa siku ile ndiyo inayoamua, miaka 5 au 10 baadaye, kama mama wa kijijini atafungua koki na kuona maji, au atachukua ndoo na kurudi kwenye kidimbwi alichokiacha.

1. Tulikotoka

Taifa letu halikuanza jana kuhangaikia maji. Mwaka 1971 Serikali ilitangaza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, wenye lengo kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi katika umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Lengo lilikuwa tukufu, na visima na mabomba mengi yalijengwa. Hata hivyo, katika mpango ule Serikali ndiyo iliyosanifu, iliyojenga, iliyoendesha na iliyolipia mafuta ya mashine. Mwananchi alikuwa mpokeaji tu. Hali ya uchumi ilipodhoofika mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, mafuta yakakosekana, vipuri vikakosekana, na mashine nyingi zikanyamaza. Mwaka 1991 ulipofika, lengo lilikuwa bado mbali.

Sera ya Maji ya mwaka 1991, na baadaye ile ya mwaka 2002, zilibadili mwelekeo: watumiaji wachangie gharama, wawe na chombo chao, na mradi uwe mali yao kwa kweli. Mwaka 2006 ukaanza mpango mkubwa wa kuendeleza sekta ya maji, ambao wengi wetu tunaukumbuka kwa jina la mpango wa vijiji 10 kwa kila halmashauri. Mwaka 2013 maji yakawekwa miongoni mwa maeneo 6 ya Matokeo Makubwa Sasa, na kasi ya ujenzi ikahimizwa. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, iliyounda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA, na kuvipa nguvu ya kisheria vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii.

Pamoja na juhudi hizo zote, Wizara ya Maji ilipohesabu vituo vya kuchotea maji vijijini, kimoja kimoja, mwanzoni mwa miaka ya 2010, ilionekana kwamba karibu vituo 4 katika kila 10 havikuwa vikitoa maji. Tuitafakari hesabu hiyo. Vituo hivyo vilikwisha kujengwa. Fedha zilikwisha kulipwa. Hotuba zilikwisha kutolewa. Kwa hiyo tatizo letu halikuwa uhaba wa fedha peke yake. Lilikuwa pia namna tulivyojenga, na namna tulivyokabidhi kilichojengwa.

2. Njia zilizopo

Zipo njia nyingi za kutekeleza mradi wa umma, lakini kwa mwananchi wa kawaida inatosha kuzifahamu 4. Tunazieleza kwa lugha nyepesi, kwa sababu asiyejua jina la kitu hawezi kuuliza habari zake.

Njia ya kwanza ni kusanifu kwanza na kutangaza zabuni baadaye. Mhandisi wa Serikali au mhandisi mshauri huchunguza chanzo, hupima njia ya bomba, huchora ramani na kuandaa jedwali la vipimo vya kazi. Kisha makandarasi hushindana kwa bei, na mshindi hujenga kile kilichochorwa, chini ya macho ya msimamizi asiye mtu wake. Uzuri wa njia hii ni kwamba mchoraji na mjenzi ni watu wawili, na kila mmoja ni shahidi juu ya mwenzake. Udhaifu wake ni muda. Katika miaka ya mwanzo ya mpango wa mwaka 2006, muda mwingi ulikwenda katika kuwatafuta wahandisi washauri na kusanifu, huku watu wakisubiri na bei za vifaa zikipanda. Aidha, mchoro ukiwa na kosa, mkandarasi hudai nyongeza ya malipo, na mara nyingi hupewa.

Njia ya pili ni ile iitwayo sanifu na jenga. Mkandarasi mmoja hukabidhiwa yote mawili: achore na ajenge. Serikali humweleza inachokitaka, kwa mfano kiasi cha maji kwa siku na idadi ya watu wa kuhudumiwa, naye hutafuta namna ya kukifikia. Njia hii huokoa muda, na mkandarasi hawezi kumtupia lawama mchoraji, kwa kuwa mchoraji ni yeye mwenyewe. Hufaa kwa kazi kubwa na ngumu, kama mitambo ya kusafisha maji. Lakini ina mtego: anayechora ndiye anayepata faida kwa kupunguza. Bomba linaweza kuwa jembamba kidogo, tanki dogo kidogo, mtaro wa kina kifupi kidogo, na kila kimoja kikawa ndani ya maneno ya mkataba. Asiyeandika vizuri anachokitaka tangu mwanzo atapewa alichokiandika, wala hatapewa alichokikusudia.

Mara nyingine njia hii huja pamoja na mkopo. Mradi wa maji wa miji 28, ambao mikataba yake ilitiwa saini mwaka 2022, unagharimiwa kwa mkopo wa dola za Marekani milioni 500 kutoka India, na makandarasi wakuu ni wa kutoka huko huko. Hatusemi mkopo huo ni mbaya. Miji yenye kiu inahitaji maji, na fedha nyingi kiasi hicho hazipatikani kila siku. Tunasema tu kwamba mkopeshaji anapokuja na mkandarasi, uwanja wa kuchagua hupungua, na kwa sababu hiyo hiyo wajibu wa kusimamia huongezeka.

Njia ya tatu ni ile ambayo wananchi wameizoea kwa jina la fosi akaunti. Taasisi ya umma hununua vifaa yenyewe, huwatumia wahandisi wake na mafundi wa eneo hilo, na mara nyingi wananchi huchimba mitaro kwa kujitolea au kwa ujira mdogo. Njia hii imetumika sana vijijini katika miaka ya karibuni, nayo imepunguza gharama za miradi midogo, kwa sababu faida ya mkandarasi haimo. Fedha ya ujira hubaki kijijini, na fundi aliyeunga bomba anabaki jirani, anajua kiungio kiko wapi. Lakini hapa mjenzi na msimamizi ni mtu mmoja. Hakuna mkandarasi wa kudaiwa dhamana. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimerudia kuonyesha udhaifu katika kazi za namna hii: vifaa kununuliwa bila ushindani wa kutosha, kumbukumbu kuwa hafifu, na usimamizi kuwa mdogo. Unafuu wa bei unaweza kuliwa wote katika duka moja la mabomba.

Njia ya nne ni ubia na sekta binafsi, au kumkodishia mtu binafsi mradi auendeshe. Tunda la njia hii tulikwisha kulionja katika jiji la Dar es Salaam, na linastahili kuelezwa peke yake.

3. Fundisho la Dar es Salaam

Mwaka 2003 Serikali iliingia mkataba wa miaka 10 na kampuni ya City Water, iliyoundwa na Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na Superdoll ya hapa nchini. Mali zote zilibaki za DAWASA, na City Water ilipewa kazi ya kuendesha huduma, kutoa ankara, kukusanya fedha na kulipa kodi ya pango kwa DAWASA. Mpango huo ulifungamana na mradi wa ukarabati wa zaidi ya dola milioni 160, uliogharimiwa kwa sehemu kubwa na mikopo ya Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Kubinafsisha uendeshaji kulikuwa sehemu ya masharti.

Makampuni kadhaa yalipita mchujo wa awali, lakini mwishoni zabuni iliyofikishwa ilikuwa moja tu. Kampuni ilianza kazi mwezi Agosti 2003. Makusanyo hayakufikia kiwango kilichotarajiwa, kodi ya pango ikaacha kulipwa kwa ukamilifu, na kampuni nayo ikalalamika kwamba taarifa za hali ya mtandao ilizopewa hazikuwa sahihi. Mwezi Mei 2005 Serikali ilitangaza kuuvunja mkataba, na viongozi wa kampuni wakaondolewa nchini. Huduma ikahamia kwa shirika la umma la DAWASCO, ambalo mwaka 2018 liliunganishwa na DAWASA. Kesi mbili zilifuata. Katika shauri la DAWASA, wasuluhishi waliipa DAWASA ushindi. Katika shauri lililofunguliwa mbele ya kituo cha usuluhishi cha Benki ya Dunia, uamuzi wa mwaka 2008 ulisema kwamba Serikali ilivunja wajibu wake kwa namna ilivyoiondoa kampuni, lakini kampuni haikupewa fidia yoyote, kwa kuwa hasara yake ilikuwa imekwisha kutokea kwa sababu nyingine.

Wako wanaoisoma habari hii kama ushahidi kwamba mtu binafsi hafai kabisa kugusa maji ya umma. Wako wanaoisoma kama ushahidi kwamba Serikali haiheshimu mikataba. Sisi tunaisoma kwa namna nyingine. Tunaona uamuzi wa njia uliofanywa kwa msukumo wa masharti ya mkopo, mbele ya mzabuni mmoja, juu ya mtandao wa mabomba ambao hakuna aliyejua vizuri maji yanapotelea wapi wala wateja ni wangapi. Mkataba wa miaka 10 ulijengwa juu ya hesabu ambazo pande mbili hazikukubaliana. Wakati wasuluhishi wakisikiliza hoja, mkazi wa pembezoni mwa jiji aliendelea kununua maji kwa ndoo kutoka kwa wenye mikokoteni, kwa bei kubwa kuliko ile aliyolipa mwenye bomba nyumbani. Yeye hakuwa upande wowote katika kesi hizo. Hata hivyo ndiye aliyelipa.

4. Mwanga wa Injili na wa mafundisho ya Kanisa

Bwana wetu, katika Injili ya Luka sura ya 14, anatupa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara: je, haketi kwanza na kuhesabu gharama, asije akaweka msingi na kushindwa kumaliza, watu wakamcheka? Mfano ule unahusu gharama ya ufuasi, lakini Bwana aliuchota katika busara ya kawaida ya wajenzi. Kuketi kwanza na kuhesabu ni wajibu. Na hesabu ya mradi wa maji haiishii kwenye bei ya kujenga; inafika kwenye umeme wa pampu, mshahara wa mlinzi, na kipuri cha mwaka wa saba.

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, kinatusimulia habari za Isaka huko Gerari. Watumishi wake walichimba kisima, wachungaji wa Gerari wakakigombea. Wakachimba cha pili, ugomvi ukawa ule ule. Kisima cha tatu hakikugombewa, naye akakiita Rehobothi, yaani nafasi. Maji yalikuwamo katika visima vyote vitatu. Kilichokosekana katika viwili vya kwanza ni mapatano juu ya nani mwenye kisima. Ni visima vingapi kwetu vina maji lakini havina mapatano?

Kanisa limefundisha kwa uwazi. Hayati Papa Fransisko, katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, alikumbusha kwamba kupata maji safi na salama ni haki ya msingi ya kila binadamu. Umoja wa Mataifa nao ulikuwa umeitambua haki hiyo mwaka 2010. Lakini haki hiyo haielezi yenyewe nani achimbe mtaro. Hapo ndipo tunapohitaji kanuni mbili za zamani zaidi. Ya kwanza ni kanuni ya auni, iliyofafanuliwa na Papa Pio XI mwaka 1931: kile ambacho jumuiya ndogo inaweza kukifanya vema, jumuiya kubwa isikinyang'anye. Ya pili ni kanuni ya mshikamano: kile ambacho jumuiya ndogo haikiwezi, isiachwe nacho peke yake.

Kanuni hizi mbili lazima ziende pamoja. Mpango wa mwaka 1971 ulikuwa na mshikamano mwingi na auni kidogo. Baadaye, mahali pengi, kijiji kiliambiwa kwamba mradi ni wake, kikaachiwa pampu ya mamilioni ya shilingi, kamati isiyo na fundi, na daftari tupu. Hiyo haikuwa auni. Ilikuwa ni kutelekezwa.

5. Msimamo wetu

Hatuamini kwamba iko njia moja takatifu na nyingine najisi. Tunaamini kwamba kila njia inapaswa kupimwa kwa swali moja: mambo yakiharibika, nani atajibu, na je, wananchi wanamjua na wanaweza kumfikia? Kwa kipimo hicho tunasema yafuatayo.

Kwa mradi mdogo wa kijiji, wa maji ya mtiririko au kisima kimoja chenye vituo vichache, nguvu ya ndani inafaa, kwa sharti kwamba mnunuzi wa vifaa, mpokeaji wa vifaa na mkaguzi wa kazi wawe watu tofauti, na kamati ya kijiji iwe na nakala ya orodha ya vifaa vyote: mabomba mangapi, ya kipenyo gani, ya daraja gani la kuhimili mgandamizo. Siku za kazi za wananchi ziandikwe na kuhesabiwa thamani yake. Jasho la maskini ni mchango halali katika mtaji wa mradi; lisihesabiwe kuwa bure kwa sababu tu halikupitia benki.

Kwa uchimbaji wa visima virefu, uchunguzi wa maji chini ya ardhi ufanywe na mtu asiye mchimbaji, kabla ya mkataba wa kuchimba. Iko desturi ya kumwambia mchimbaji kwamba asipopata maji hatalipwa. Maneno hayo hupendeza masikioni, kwa sababu huonekana kuilinda fedha ya umma. Kumbe mchimbaji mwenye akili huongeza bei ya visima vyote ili kufidia vile vikavu, na hushawishika kukitangaza kuwa kizuri kisima chenye maji haba. Ni haki zaidi kumlipa kwa mita alizochimba kweli, mbele ya msimamizi aliyepo kila siku, na hasara ya kisima kikavu ibebwe na yule aliyechagua mahali pa kuchimba. Aidha, katika mikoa kama Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga, maji ya chini ya ardhi huweza kuwa na madini ya floraidi kupita kiasi, yanayoharibu meno na mifupa ya watoto. Hakuna mkataba unaostahili kusainiwa kabla maji yenyewe hayajapimwa.

Kwa kazi kubwa ya kitaifa, nguvu ya kijiji haitoshi, na kuing'ang'ania ni kuipotosha kanuni ya auni. Bomba la kutoa maji Ziwa Viktoria, katika chanzo cha Ihelele wilayani Misungwi, hadi Shinyanga na Kahama, lililozinduliwa mwaka 2009, lisingewezekana bila mkandarasi mkubwa na bila fedha ya Serikali. Jambo la kulitazama hapo ni kwamba iliundwa mamlaka maalumu, KASHWASA, ya kuuendesha mradi na kuuza maji kwa jumla kwa mamlaka za miji na kwa vijiji vilivyo kando ya bomba. Mwendeshaji alijulikana. Kila kazi kubwa, hasa ya sanifu na jenga, iwe na mwendeshaji aliyetajwa tangu mwanzo, aketi pamoja na wanaochora, kwa kuwa yeye ndiye atakayeishi na mapungufu yao. Mhandisi wa kusimamia aajiriwe na umma, wala asilipwe na mkandarasi. Na fedha ya kipindi cha matazamio isiachiliwe mpaka mradi umepita angalau kiangazi kimoja kizima. Mradi uliokabidhiwa wakati wa masika haujajaribiwa.

Kwa ubia na watu binafsi, tunasema: inawezekana, lakini mwisho, baada ya kujua tulicho nacho. Asiyejua idadi ya ng'ombe wake asimkodishie mtu zizi. Kwanza dira zifungwe, mtandao upimwe, wateja wahesabiwe; ndipo mkataba ujadiliwe, wazabuni wakiwa zaidi ya mmoja, na bei kwa maskini ikiwa imeandikwa ndani yake.

6. Pingamizi mbili

Watu wa nia njema watatupinga kwa hoja mbili. Ya kwanza ni haraka. Watasema: watu wana kiu leo, nanyi mnataka mikutano. Tunaijibu kwa heshima, kwa sababu kiu ni kitu cha kweli. Lakini haraka iliyoleta vituo 4 vikavu katika kila 10 haikumnywesha mtu. Mwezi mmoja wa kuuliza maswali ni mfupi kuliko miaka 10 ya bomba lisilotoa maji, huku kijiji kikihesabiwa katika vitabu kuwa kimekwisha kupata huduma, na kwa hiyo kikipangwa mwisho katika foleni ya miradi mipya.

Hoja ya pili ni kwamba wananchi hawaelewi mambo ya mikataba. Hoja hii hatuikubali. Mwananchi anayejua kuandikiana na fundi wa nyumba yake, bati ngapi, mifuko mingapi ya saruji, malipo ya kwanza lini na ya mwisho lini, anaelewa kiini cha kila mkataba wa ujenzi. Wilayani Hai, katika mradi wa Uroki na Bomang'ombe uliojengwa katika miaka ya 1990 kwa msaada wa Ujerumani, watumiaji wenyewe, kupitia chombo chao, walikabidhiwa uendeshaji, maji yakapimwa kwa dira na kulipiwa, na huduma ikadumu. Hawakuwa watu wa pekee duniani. Walihusishwa mapema, na hesabu zao zilikuwa wazi.

7. Yatupasayo kufanya

Tunawaomba viongozi wa walei, kila mmoja mahali pake, wasisubiri siku ya ngoma. Katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni haki ya kila mwananchi mtu mzima, waombe kwamba kabla mkataba haujasainiwa usomwe mambo matano: njia iliyochaguliwa na sababu zake, jina la msimamizi na namna ya kumpata, bei ya jumla, muda wa matazamio, na mwendeshaji wa baadaye pamoja na makadirio ya bei ya ndoo moja. Waombe pia kwamba kamati iwe na wanawake wa kutosha, wenye sauti, kwa sababu wao ndio wanaojua kisima kipi hukauka mwezi wa Septemba. Waombe kwa adabu, bila kumtuhumu mtu, na kwa maandishi.

Kipimo hicho hicho kitumike kwa miradi ya parokia, ya mashirika ya kitawa na ya majimbo yetu. Kisima kilichochimbwa kwa fedha ya wafadhili wa Kanisa kinahitaji mapatano, mwendeshaji na daftari kama kingine chochote. Bango lenye msalaba haliziwezi kazi za fundi.

Jumuiya ndogo ndogo zinaweza kuyajadili maswali haya katika mkutano wao mmoja:

Mradi wa maji tunaoutumia ulijengwa kwa njia ipi kati ya zile 4, na nani alituambia?

Pampu ikifa leo, nani ataitengeneza, kwa fedha iliyo wapi, na daftari la fedha hiyo lilisomwa lini mara ya mwisho?

Ni familia zipi katika jumuiya yetu zisizoweza kulipia maji, na tumepatana nini juu yao?

Kama mradi mpya unakuja, ni nani kati yetu atakayesimama katika mkutano wa kijiji na kuuliza?

Swali la mwisho lisijibiwe kwa ujumla. Liandikwe jina la mtu.